Namna ya Kutunga Kamusi ya Televisheni Ukiwa Kisauni

Kabla ya yote, kitafute kitabu cha Wamarekani. Kinaitwa The Complete Directory to Prime Time Network TV Shows, watungaji ni Tim Brooks na Earle Marsh, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 1979. Mwaka uliofuata kikapata tuzo ya taifa ya vitabu huko kwao, na wenyewe wakaendelea kukinenepesha mpaka toleo la tisa, la mwaka 2007, likapita kurasa 1,700. Usikisome. Kitabu cha unene huo huwekwa sebuleni wageni wakione. Lakini kifungue mara moja, ukurasa wowote, uone kazi ilivyofanywa: jina la kipindi, usiku gani wa wiki, saa ngapi, stesheni gani, kilizaliwa tarehe gani, kilizikwa tarehe gani, na waigizaji wake mmoja mmoja. Rafu hiyohiyo utamkuta Alex McNeil na Total Television yake ya mwaka 1980, na anayetaka mikasa ya wakubwa wa stesheni na wanasiasa wao ana juzuu tatu za Erik Barnouw, zilizotoka kati ya 1966 na 1970. Wenzetu hawa walibebwa na karatasi. Jarida la TV Guide lilianza kuchapa ratiba za kila wiki Aprili 1953, kwa hiyo mtu akitaka kujua Jumanne fulani saa mbili usiku kulionyeshwa nini, anafunua tu.

Cha kwetu bado hujakiandika, ndiyo maana uko hapa.

Jambo la kwanza, usiende Nairobi. Historia ya televisheni ya Kenya ikiandikiwa Nairobi, Mombasa hupewa sentensi moja: mwaka 1970 kilifunguliwa kituo cha televisheni huko. Nukta. Baada ya hapo aya hugeuza haraka kurudi bara, kama dereva wa lori aliyeingia njia isiyo yake. Na sentensi hiyo moja nayo watu wa kisiwani huichukua yote. Likoni, Kisauni na Changamwe, huko ng'ambo, hubaki na kile kinachobaki siku zote mjini wakishakula. Kwa hiyo kamusi yako itungwe ng'ambo: baraza la Mlaleo, au Mwandoni, au Mtongwe ukipenda upepo. Mahitaji ni daftari la kurasa 200, kalamu mbili maana moja itaazimwa isirudi, kahawa, kashata, na wazee wawili wasiokubaliana. Mzee mmoja hatoshi. Mzee mmoja atakupa historia nzima kwa nusu saa, iliyonyooka, yenye tarehe, na yote ya uongo. Wakiwa wawili, kila mmoja ataukata uongo wa mwenzake, na kitakachosalia ndicho utakachokiandika.

Mwanzo wenyewe hauna ugomvi. Mwaka 1962, mtambo wa kwanza uliwekwa katika nyumba ya shambani huko Limuru, na mawimbi yake yalifika maili 15. Iandike, kisha uongeze kwa herufi za mlazo kwamba maili 15 kutoka Limuru hazifiki Athi River, sembuse Miritini. Tarehe 1 Julai 1964 serikali ikalichukua shirika la utangazaji, KBC, likawa Sauti ya Kenya. Mwaka 1978 rangi ikaingia. Mwaka 1989 jina likarudi KBC. Hapa ndipo fundi anapotengana na mwanagenzi. Mwanagenzi huandika mwaka mmoja kwa kila jambo. Wewe chora safu mbili: ya kwanza, mwaka jambo lilipotokea Nairobi, ya pili, mwaka lilipovuka feri ya Likoni. KTN, stesheni ya kwanza ya watu binafsi, ilianza Nairobi Machi 1990. Safu ya pili iache wazi, uwatupie wazee. Watabishana mpaka adhana ya magharibi, watakwenda kusali, watarudi, wataanza pale pale walipoachia.

Tuchukue hiyo rangi. Safu ya kwanza ina 1978 na hakuna anayepinga. Safu ya pili haina mwaka, ina mtu. Rangi ilifika mtaani siku mtu huyo aliporudi kutoka Jeddah, boksi likateremshwa kwenye pikapu na vijana wanne huku mama yake akisimama mlangoni akipiga kelele, "Polepole, msinivunjie!" Kabla ya siku hiyo kulikuwa na rangi ya namna nyingine, na kamusi ya kweli lazima iipe makala yake: lile karatasi la plastiki lililobandikwa mbele ya kioo, juu buluu, katikati wekundu wa kufifia, chini kijani. Kwa mechi ya mpira lilikubali, maana mbingu ilikuwa juu na majani chini. Taabu ilikuwa taarifa ya habari. Msomaji alikuwa na nywele za buluu, uso wa mtu aliyekula muwa juani, na koti la kijani, na mwenye nyumba aliwaambia majirani kwamba hivyo ndivyo watu wanavyovaa Nairobi.

Ukifika hapo, jihadhari na Mzanzibari. Kila baraza la pwani lina mmoja, na ukitaja 1978 atakohoa. Mwache aseme, kwa sababu kwa bahati mbaya ana haki: Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973, enzi za Aboud Jumbe, ikaanza na rangi moja kwa moja, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Nairobi ilikuwa bado nyeusi na nyeupe. Mtanganyika aliyeketi pembeni atanyamaza kimya kabisa, kwani Tanzania Bara ilikaa bila stesheni yoyote mpaka 1994. Andika yote matatu, kisha umwagizie Mzanzibari kikombe kingine cha kahawa ili mdomo uwe na kazi.

Kuhusu tarehe, usidai kalenda. Ukimuuliza mtu kipindi fulani kilikuwa mwaka gani, atakujibu kwa daraja: kabla ya Daraja jipya la Nyali au baada yake. Daraja ni 1980, umeshapata mpaka. "Wakati wa El Nino" ni mwisho wa 1997 kuingia 1998. "Baada ya mapinduzi yale" ni Agosti 1982 kwenda mbele. "Wakati kiwanda cha mafuta kinaajiri" hakukusaidii sana, kwa kuwa kiwanda cha kusafisha mafuta Changamwe kilifunguliwa 1963 na kikaacha kusafisha 2013, na kila mzee wa Chaani anakumbuka kwamba kiliajiri pale alipoajiriwa yeye tu. Bandika jedwali la kugeuza tarehe nyuma ya jalada. Brooks na Marsh hawana.

Sasa makala yenyewe. Mmarekani akiandika kipindi, kichwa kinafuatwa na usiku, saa na mtandao. Wewe kichwa kifuatwe na nyumba. Mtu wa Likoni hakumbuki Vitimbi ilikuwa siku gani, lakini anakumbuka alikuwa akiitazama kwa mwalimu, dirishani, upande wa kushoto, kwa sababu upande wa kulia walisimama watoto wa fundi cherehani na hawakumpisha mtu. Mfano wa makala iliyokamilika ni huu:

VITIMBI. Vichekesho. Stesheni: Sauti ya Kenya, baadaye KBC. Waigizaji: Benson Wanjau kama Mzee Ojwang', Mary Khavere kama Mama Kayai, na wengine. Nyumba: kwa mwalimu, Bombolulu (mpaka alipohamishwa), kwa yule wa bandari, Mikindani (kiingilio: kunawa miguu). Maelezo: mzee wa bara anagombana na mkewe kwa Kiswahili ambacho bibi zetu walikisahihisha kwa sauti tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho. Mzee Ojwang' alifariki Julai 2015. Mzee wa kwanza wa baraza anasema alikuwa mchekeshaji mkubwa kuliko wote. Mzee wa pili anasema ndiyo, lakini kile Kiswahili, yakhe!

VIOJA MAHAKAMANI ina makala ndefu zaidi, kwa kuwa si burudani peke yake. Kuna watu wazima Kisauni ambao sheria yote wanayoijua waliipata kwa wahusika wake, Makokha na Otoyo, na siku wakiitwa mahakama ya Shanzu kwa kesi ya mpaka wa shamba husimama kizimbani wakimtazama hakimu kwa jicho la kungoja vicheko. Weka hilo chini ya "Athari kwa jamii." Vitabu vya marejeo hupenda sana sehemu hiyo.

Waigizaji Mmarekani huwaorodhesha bila kumwacha mtu, lakini amemsahau mmoja ambaye bila yeye kusingekuwa na kipindi: mshika antena. Mpe nafasi yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi hivi, alipanda juu ya mabati yenye moto wa mchana, akashika mlingoti wa mkoko uliofungwa mabomba ya alumini, na mazungumzo yake na watu wa chini ndiyo nusu ya historia ya utangazaji katika ukanda huu.

"Imeingia?"

"Bado! Zungusha upande wa Mazeras!"

"Na sasa?"

"Sauti ipo, watu hawapo!"

"Na sasa?"

"Hapo hapo! Usitikisike! Kaa hivyo hivyo!"

Akakaa hivyo hivyo. Alipoteremka, chengachenga zikarudi, akapandishwa tena. Mshika antena hakuwahi kuona kipindi hata kimoja, na ukimhoji leo ndiye atakayekusimulia vyote kwa undani, kwa sababu alivisikia kupitia mabati na vilivyobaki akavijaza mwenyewe. Mhoji. Masimulizi yake ni bora kuliko vipindi vilivyokuwa.

Sehemu ambazo umeme haukufika, makala zina sura nyingine. Televisheni ya Great Wall, inchi 14, nyeusi na nyeupe, iliunganishwa kwenye betri ya gari, na betri ilikuwa imetoka kuchajiwa dukani kwa foleni. Picha ilianza imejaa kioo chote. Filamu ilipokolea ikaanza kujikunja kutoka pembeni, ikabaki ya ukubwa wa sahani, ya kisosi, mwisho nukta nyeupe katikati, na sauti ya jambazi ikizama taratibu. Kwa hiyo usione haya kama muhtasari wako wa filamu nyingi unaishia njiani. Andika tu: "Betri ilikwisha." Ni taarifa ya kweli kuliko kubuni mwisho, ingawa vijana wa Mtongwe walibuni miisho na mingine ilikuwa mizuri.

Kwenye kupanga vipindi kwa aina, achana na mafungu ya Wamarekani, hayatufai. Wao wana vichekesho, wana mambo ya kauboi, wana chemshabongo. Nyumba ya Changamwe ilikuwa na mafungu yake. Kuna vipindi vya baba, yaani taarifa ya saa moja usiku kwa Kiswahili, ambayo hata mtoto mchanga alitakiwa alie kwa adabu. Taarifa ya saa tatu kwa Kiingereza ilikuwa ya baba vilevile, ila hiyo aliisikiliza akiwa amefumba macho, na ukibadilisha stesheni aliyafumbua. Kuna vipindi vya Wajerumani: Derrick aliyemkamata mwuaji bila kutoa jasho, na Football Made in Germany, iliyowafanya watoto wa Magongo walioshindwa kuutaja mji mkuu wa Uganda waweze kutamka Borussia Mönchengladbach bila kuvuta pumzi. Kuna vipindi vya kina mama, na hapa nenda kwa heshima, maana unaingia kwenye eneo lenye wenyewe. Miaka ya 1990 tamthilia za Meksiko, The Rich Also Cry na No One But You, zilikamata nyumba hizi kiasi kwamba chakula cha usiku kilipikwa alasiri na mgeni aliyebisha hodi katikati aliambiwa "karibu" kwa sauti ya kumtaka arudi kwao. Usiwahoji kina mama hao mmoja mmoja. Waite pamoja, ukae kando, uandike kwa kasi.

Na kuna fungu kubwa kuliko yote, ambalo hakuna kitabu cha Marekani kinacholitaja: vipindi vya kutumwa dukani. Mwanamume na mwanamke kwenye kioo wakianza kutazamana na muziki ukapungua, mtoto alitumwa kiberiti. Nyumba ilikuwa na viberiti vinane. Kizazi kizima cha Kisauni kinaijua historia ya filamu za mapenzi mpaka pale muziki unapopungua, na baada ya hapo kinajua bei ya kiberiti.

Usipitishe kamusi yako bila kumdai mtangazaji Leonard Mambo Mbotela. Alizaliwa Frere Town, 1940, hapa hapa, na baba yake, James Mbotela, ndiye mtunzi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu cha mwaka 1934. Je, Huu ni Ungwana? aliianza redioni mwaka 1966, akawa akiwauliza Wakenya kama ni ungwana kufanya hiki na kile, na baadaye akaivusha hadi kwenye televisheni. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982 askari waasi walimlazimisha atangaze redioni kwamba serikali imepinduliwa. Alifariki Februari 2025. Mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa kuwakumbusha watu adabu, siku ile ya Agosti alishikiwa bunduki na watu wasiobisha hodi. Sijui mwandishi gani wa tamthilia angethubutu kulibuni hilo. Watu wa Nairobi watakuambia ni wao waliomlea. Waandikie katika tanbihi kwamba kulea si kuzaa.

Sasa kumbukumbu, sehemu ya jasho. Utaulizwa na wasomi, "Kanda ziko wapi?" Usitetemeke. Waulize wao za Marekani ziko wapi. Mtandao wa DuMont ulirusha vipindi tangu miaka ya 1940 hadi 1956, na mwigizaji Edie Adams alitoa ushahidi mwaka 1996 kwamba rekodi za mtandao huo zilipakiwa kwenye malori matatu, zikamwagwa majini huko New York. Waingereza nao, kupitia BBC, walifuta kanda za Doctor Who ili watumie tena. Hapo ndipo tunapowazidi. Kanda zikitupwa majini Likoni saa mbili asubuhi, adhuhuri zitakuwa Kongowea zimepangwa chini, zimefutwa chumvi, na muuzaji anakuapia ni mpya. Hakuna kinachopotea upande huu. Hubadilisha mmiliki tu. Na kama unadhani natia chumvi, kumbuka kwamba mwaka 2013 ilitangazwa kuwa sehemu kadhaa za Doctor Who zilizokuwa zimekatiwa tamaa zimepatikana katika kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, Nigeria, zikiwa zimekaa humo muda wote huo. Kwa hiyo kabla hujaandika "haipo", hakikisha umeangalia uvunguni kwa watu.

Ratiba za zamani pia zipo, ila si maktaba. Ziko kwa mama wa viazi karai. Magazeti huchapa ratiba za televisheni, magazeti huzeeka, na gazeti likizeeka huwa karatasi ya kufungia. Nunua viazi vya shilingi 20 kila jioni, kwa watu tofauti, ufungue polepole. Chukua vile vilivyo na mafuta kidogo, maana mafuta hula wino, na kachumbari ni adui wa historia. Ukimwambia mama unafanya utafiti atakuongeza bei. Ukimpata mwenye magazeti ya miaka ya nyuma, usimwonyeshe furaha yoyote usoni. Mwambie tu kwamba viazi vyake ni vitamu.

Miaka ya karibuni usiipe kurasa nyingi, watu wanaikumbuka wenyewe. Februari 2015 mitambo ya analojia ikizimwa, Citizen, NTV na KTN zikatoweka kwenye vioo kwa karibu wiki tatu katikati ya mvutano na serikali, na ving'amuzi vikaingia kila nyumba. Mshika antena akapoteza kazi bila kiinua mgongo. Siku hizi pwani imeanza kuonekana yenyewe kwenye kioo: kampuni ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla ilitoa Maria mwaka 2019, na Sultana ikafuata 2022 na mandhari yake ya huku kwetu. Kila tamthilia ya mwambao iwe na mstari mmoja wa lazima katika kamusi, usemao "Lafudhi", na hapo umwachie mzee wa pili. Atasema yule mwigizaji anavaa leso vizuri lakini akifungua mdomo anatoka Nakuru. Mzee wa kwanza atasema hata yeye mzee wa pili alizaliwa Voi. Funga daftari siku hiyo, urudi kesho.

Kitabu kikishachapwa, hutakosa watu watakaokuja kulalamika. Hakuna atakayelalamikia tarehe. Watalalamikia nyumba: mbona ya baba yao haimo, na televisheni yao ndiyo iliyokuwa ya kwanza mtaa wote wa Ujamaa? Acha kurasa kumi tupu mwishoni, mwambie kila mmoja ajiandike mwenyewe kwa mkono wake, hapo hapo, baada ya kulipa. Uzinduzi usifanye hotelini, utakula faida yote kwa sambusa. Uza kwenye feri ya Likoni, asubuhi, watu wakiwa wamebanana wala hawana pa kwenda. Hakikisha makala zako ni fupi, kila moja imalizike kabla feri haijagusa ng'ambo. Mlango ukishashuka, hata umwambie mtu ukurasa unaofuata una jina la bibi yake, hasimami.